Mtoto Anaganda Mbele ya Kitabu: Namna ya Kutambua Mapema Shida ya Kusoma, Darasa la Kwanza na la Pili

Kila mwaka ikifika Machi, maswali ni yale yale. Mwalimu wa Tandika ananiuliza juu ya mtoto anayejibu kila swali la mdomo, lakini ukimpa kitabu anaganda. Wa Kimara ana mmoja anayesoma ukurasa mzima huku macho yake yako dirishani. Mzazi wa Kigamboni anataka kujua kama mwanawe ana disleksia, yaani ule ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, kwa sababu anaandika b badala ya d. Nimefundisha madarasa ya chini hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na majibu haya nimeyatoa kwa simu, kwenye korido, hata kituoni nikisubiri daladala. Sasa nayaandika yote mahali pamoja ili uweze kuanza Jumatatu.

Mwongozo huu ni wako wewe mwalimu wa kawaida, mwenye watoto wengi, chaki na simu. Mzazi pia anaweza kuufuata nyumbani, isipokuwa pale ninapolinganisha mtoto na wenzake wa darasa.

Elewa jambo moja kabla ya lolote. Upimaji huu wa awali hauthibitishi kwamba mtoto ana disleksia. Unakuonyesha nani wa kumwangalia kwa karibu na nani aanze kusaidiwa sasa. Kuthibitisha ni kazi ya mtaalamu.

Maelezo kidogo, kisha kazi

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, na mara nyingi chanzo chake ni namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha. Si ugonjwa wa macho. Si uvivu. Haipimi akili ya mtu. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeshindwa kabisa kusoma. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana yule angewashinda wote shuleni. Nina hakika umewahi kuwa na mtoto kama huyo kwenye dawati lako la mbele.

Kuna jambo la lugha yetu ambalo walimu wengi hawaambiwi. Kiswahili kinaandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa: irabu tano, na kila silabi ina sauti yake isiyobadilika. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anayesoma Kiswahili hafanani na yule anayeelezwa kwenye makala za Uingereza na Marekani. Yule wa Kiingereza anakosea maneno waziwazi. Wa kwetu, akishazishika silabi, anaweza kupatia karibu kila neno, ila kwa mwendo wa kinyonga: ki… ta… bu… cha… ngu. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka. Wachunguzi wa Kifini, Kijerumani na Kiitaliano, lugha zenye maandishi ya utaratibu kama yetu, wameona hali hiyo hiyo. Ndiyo sababu hatua zilizo hapa chini zinapima kasi na sauti. Ukipima kupatia peke yake, watoto hawa watakupita mpaka Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambako maswali ni mengi na saa haimsubiri mtu.

Andaa haya kwanza

- Ruhusa ya mwalimu mkuu, na wazazi waambiwe kwenye kikao. Waeleze kwamba watoto wote wanapimwa, si wa fulani peke yake.
- Kaunta buku moja, ya kwako tu. Isikae juu ya meza ya ofisi ya walimu.
- Karatasi za manila na maka peni.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Zima mlio wake, watoto wengine hushtuka.
- Kadi ya kwanza: herufi ndogo 40, zimechanganywa, nyingine zimejirudia. Usizipange kwa mfuatano wa alfabeti.
- Kadi ya pili: picha tano za vitu ambavyo kila mtoto anavijua, kama kiatu, kikombe, kuku, jua na meza. Zichore zikijirudia bila mpangilio, mistari mitano yenye picha nane kila mmoja.
- Kadi ya tatu: silabi na maneno (nitayataja).
- Kadi ya nne: aya fupi ambayo haimo kwenye kitabu cha darasa.
- Mahali tulivu. Chini ya mwembe panafaa kuliko darasani. Mvua ikipiga bati, ahirisha.

Kuhusu wakati: darasa la pili lipime Februari. Darasa la kwanza usilipime kusoma kabla hujafundisha kusoma. Hatua ya sauti na ya picha zifanye Machi, herufi zifanye kabla ya likizo ya Juni, maneno na aya vingoje Septemba. Na pima asubuhi. Kama darasa lako ni la awamu ya mchana, wachukue wanapoingia tu, kabla joto na njaa havijafanya kazi yake.

Hatua ya 1: Ondoa shaka ya macho na masikio

Mtoto asiyeona ubao hawezi kusoma ubao, na hiyo si disleksia. Chora herufi E kubwa kwenye manila, ukiigeuza kila mara: miguu juu, chini, kushoto, kulia. Msimamishe mtoto mita sita, afunike jicho moja, aonyeshe kwa vidole miguu inaelekea wapi. Kisha jicho la pili. Anayekosea kwa jicho moja tu bado ana tatizo la macho, muandike.

Kwa masikio, simama hatua moja nyuma yake, azibe sikio moja, umnong'oneze maneno mafupi: chai, sita, paka, tisa. Ayarudie. Geuza sikio. Muulize mzazi kama masikio yamewahi kutoa usaha. Mtoto anayesikia nusunusu hawezi kutofautisha "pata" na "bata", na ukimpima sauti atafeli kwa sababu isiyo yake.

Wenye shaka waende kituo cha afya kwanza. Kwa macho kuna pia hospitali ya CCBRT pale Msasani. Kwa masikio, kituo cha afya kitaandika rufaa ya kupanda juu, hata Muhimbili ikibidi. Wakirudi ndipo uendelee nao.

Hatua ya 2: Herufi, mmoja mmoja, dakika moja

Ba be bi bo bu ya pamoja inasikika vizuri hadi barabarani, na ndani ya sauti ile wamejificha watoto kumi wasiojua kitu. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu niliwahi kufundisha muhula mzima nikijisifia darasa langu, mpaka nilipowaita mmoja mmoja.

Mpe kadi ya kwanza. Mwambie: "Soma sauti ya kila herufi, anzia hapa, nenda hivi." Onyesha mstari kwa kidole. Washa saa. Akikosea, pigia mstari kwenye nakala yako bila kusema neno. Akikaa sekunde tatu kimya, mwonyeshe inayofuata. Akikosa kumi za mwanzo zote, simamisha kwa upole, mshukuru, andika sifuri. Dakika ikiisha, hesabu alizopata.

Akitaja jina la herufi ("be", "ke") badala ya sauti yake, mkumbushe mara moja tu kwamba unataka sauti. Akiendelea na majina, muandike pembeni. Huenda alifundishwa hivyo chekechea, na hilo linarekebishika kwa wiki moja.

Hatua ya 3: Sauti bila karatasi

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na haihitaji hata kalamu. Mtoto ambaye shida yake ni sauti za lugha atajikwaa hapa hata kama hajawahi kushika kitabu. Ifanye kama mchezo. Usipime muda.

Anza na kupiga makofi kwa kila silabi: ba-ba, sa-ma-ki, ma-chu-ngwa. Karibu wote wataweza.

Panda kidogo. "Samaki inaanza na sauti gani?" "Nikisema mmm-e-zzz-a, nimesema neno gani?" Mpe matano ya namna hiyo.

Sasa kuondoa: "Sema chakula. Haya, sema bila cha." Atasema kula. "Sema habari bila ha." "Sema kalamu bila ka." "Sema kiatu bila ki." "Sema samaki bila sa." Hapa ndipo mtoto mwenye shida anakutazama usoni kama anatafuta jibu kwenye midomo yako.

Mwisho, kinyume. Watoto wa pwani wamecheza kinyume tangu enzi za mabibi zetu, wakigeuza silabi ili wakubwa wasielewe wanachosema. Mfundishe kwa mifano miwili, paka inakuwa kapa, meza inakuwa zame, kisha mpe tano: simu, jogoo, kiti, moto, nyoka. Kuku haifai, maana haigeuki, na dada vilevile usitumie. Mtoto wa darasa la pili aliyezoea mchezo huu mtaani anazigeuza huku anacheka. Ambaye hata baada ya mifano hiyo hawezi kuizungusha "moto" ikawa "tomo", mwekee alama.

Jumla andika alama katika kumi na tano: tano za sauti, tano za kuondoa, tano za kinyume. Makofi usiyahesabu.

Hatua ya 4: Kutaja picha haraka

Kwanza hakikisha anazijua picha zote tano. Kisha: "Zitaje zote, mstari kwa mstari, haraka uwezavyo." Andika sekunde alizotumia. Hapa hakuna kusoma kabisa, lakini mtoto ambaye majina hayamjii upesi kwa kikombe na kiatu mara nyingi ndiye ambaye silabi hazitamjia upesi. Ni kipimo kizuri sana kwa lugha iliyo na maandishi ya utaratibu kama yetu. Usimkatishe, usimkumbushe jina.

Hatua ya 5: Silabi, maneno, na maneno ya kubuni

Panga kadi ya tatu hivi. Mstari wa silabi nyepesi: ma, ki, to, le, su, fa. Mstari wa silabi nzito: cha, mbo, nywa, ng'o, ndi, shwa. Mstari wa maneno wanayoyajua: baba, meza, shule, mbuzi, chungwa, nyumba. Kisha mstari wa maneno yasiyo na maana: nefa, zogi, bemo, luse, vimoka, chupoga.

Mstari wa mwisho ndio unaomfichua anayekariri. Neno "shule" analijua kwa sura, maana ameliona kwenye sweta lake, kwenye geti na kwenye daftari. "Zogi" hajaliona popote, ni lazima aunganishe sauti. Mtoto anayesoma maneno sita anayoyajua, halafu akapata moja tu la kubuni, anasoma kwa kukumbuka sura ya neno. Njia hiyo itamfikisha darasa la tatu, haitamvusha.

Mwambie mapema kwamba maneno hayo hayana maana, ni ya kuchezea. Usipomwambia, atajitahidi kuyageuza yawe maneno halisi na utafikiri amekosea.

Hatua ya 6: Aya fupi, dakika moja

Hii ni ya darasa la pili, na ya darasa la kwanza ikishafika Septemba. Tunga yako, au tumia hii yangu yenye maneno 33:

*Juma ana kuku mweupe. Kuku wake anaitwa Tembe. Jana mvua ilinyesha sana. Maji yakaingia ndani ya banda. Kuku akaruka juu ya paa. Juma akapanda ngazi, akamshika. Mama akampa kuku mahindi. Kuku akala, akalala.*

Washa saa. Hesabu maneno aliyosoma sawasawa ndani ya dakika moja. Akimaliza kabla, andika sekunde. Kisha muulize: Kuku anaitwa nani? Kwa nini aliruka juu ya paa? Nani alimpa mahindi?

Sasa fanya jambo ambalo wengi hulisahau. Chukua aya nyingine fupi ya aina hiyo, msomee wewe, na umuulize maswali matatu. Linganisha. Anayeelewa vizuri anaposikiliza lakini akisoma mwenyewe hapati kitu, kizuizi chake kiko kwenye maandishi. Huyo ndiye tunayemtafuta. Asiyeelewa hata anaposikiliza ana jambo lingine: pengine masikio, pengine Kiswahili bado kigeni kwake, pengine uelewa wa jumla. Msaada wake ni tofauti, na ukimchanganya na wa kwanza utawapotezea muda wote wawili.

Hatua ya 7: Imla ya maneno manane

Mbuzi, ndizi, kitabu, ng'ombe, chakula, nyumba, barua, mwezi. Soma kila moja mara mbili.

Usihesabu makosa tu. Yaangalie. Mtoto anayeandika "buzi" na "dizi" hasikii ile sauti ya pua inayotangulia. Anayeandika "ktbu" anaruka irabu. Anayeandika "chaluka" anazijua sauti lakini mfuatano unamvuruga. Makosa ya namna hiyo yakiwa mengi, na yakiendelea baada ya wenzake kuyaacha, yana uzito.

Kuna makosa mengine ambayo hayana uhusiano na disleksia: "balua" kwa barua, "abari" kwa habari, "zahabu" kwa dhahabu, "samani" kwa thamani. Mtoto anaandika anavyosema nyumbani. Nusu ya jiji hili inatamka hivyo, na wengi ni wasomaji hodari. Mrekebishe, ila usimwekee alama.

Hatua ya 8: Kaa na mzazi

Usimwite kwa barua ya kutisha. Mjulishe kwa maneno mepesi, mkae mbali na walimu wengine. Uliza: alianza kuongea lini? Aliwahi kuugua degedege au malaria kali? Hukosa shule mara ngapi? Nyumbani mnaongea lugha gani? Na hili usiliache: kwenye ukoo kuna mtu aliyeshindwa kusoma? Disleksia hutembea kwenye familia.

Nakumbuka bibi mmoja wa Mbagala aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kosa lolote. Nimekuomba uje unisimulie yukoje nyumbani."

Akatulia, akavuta khanga yake. "Huyu namwachia meza ya vitumbua, chenji hakosei hata mia. Redio imekufa, kaifungua kwa kisu, ikaongea. Ila kitabu, mwalimu, kitabu kinamliza. Mjomba wake alikuwa hivi hivi. Walimpiga mpaka akaacha, la tatu hakumaliza."

Nilipomweleza kwamba mjukuu wake si mvivu wala si mjinga, alilia. Sidhani alikuwa anamlilia mjukuu peke yake.

Hatua ya 9: Amua

Kwa kila kipimo, panga majina kutoka juu hadi chini. Zungushia duara kumi wa mwisho kwa kila mia. Mtoto aliyezungushiwa duara moja, mwangalie tu. Mwenye duara mbili au zaidi, hasa zikiwa za sauti na za kasi, anaingia kundi la msaada. Mwenye ndugu wa damu aliyeshindwa kusoma, mwingize hata kwa duara moja.

Lakini kabla ya kuzungusha, tazama darasa zima. Ikiwa nusu ya watoto hawajui herufi, tatizo si watoto. Ni ufundishaji, au ni wingi wao, au vitabu havijafika. Rudi nyuma ufundishe wote upya, kisha pima tena. Huwezi kuwa na darasa lenye watoto sitini wenye disleksia.

Kwenye kaunta buku andika "ana viashiria". Usiandike "ana disleksia".

Hatua ya 10: Msaada wa wiki nane, kisha pima tena

Usingoje mtaalamu ndipo uanze. Chukua watoto watatu hadi watano, dakika ishirini kila siku, wakati wenzao wanafanya zoezi. Rudi kwenye michezo ya Hatua ya 3. Kata kadi za silabi, wazipange kwa mikono kujenga maneno, watamke huku wanagusa. Nenda kutoka silabi nyepesi kwenda nzito, usiruke. Aya moja fupi waisome mara tatu kwa siku tofauti, waone wenyewe sekunde zinavyopungua. Kuona sekunde zikishuka kunawapa moyo kuliko nyota yoyote utakayowachorea.

Baada ya wiki nane, pima tena kwa kadi mpya. Wengi watakuwa wamepanda, na hao walihitaji tu kufundishwa kwa ukaribu. Wachache watakuwa pale pale au wamesogea kidogo mno. Hao ndio wa kupeleka mbele: mwalimu wa elimu maalumu kama shule yako anaye, kisha kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yako, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Nenda na rekodi zote mbili, za mwanzo na za baada ya wiki nane. Karatasi mbili zenye tarehe na namba zina nguvu kuliko maelezo ya nusu saa.

Makosa ninayoyaona kila mara

*Kuhukumu kwa b na d.* Watoto wengi wanaojifunza kuandika hugeuza herufi mpaka kama miaka saba. Peke yake si kitu.

*Kiboko.* Mtoto anayeogopa anasoma vibaya zaidi, na wewe unapoteza hata kipimo ulichokuwa nacho. Na maneno nayo yanapiga. "Mzito", "kichwa maji", mbele ya wenzake sabini, atayabeba hadi uzee.

*Kumrudisha darasa kama dawa.* Akirudia darasa la kwanza kwa ufundishaji ule ule, atapata matokeo yale yale, sasa akiwa mrefu kuliko wenzake.

*Kufundisha kadi za kupimia.* Ukizifundisha, zimekufa. Funga kabatini.

*"Atakua tu."* Wengine hukua kweli. Wengine wanasubiri mpaka darasa la nne, na huko mtu hafundishwi tena kusoma, anatakiwa asome ili ajifunze sayansi na jiografia.

*Kutafuta dawa.* Hakuna dawa ya kunywa wala miwani ya rangi inayoondoa disleksia. Miwani ni ya mwenye tatizo la macho. Kinachosaidia ni kufundishwa sauti na silabi kwa utaratibu, kwa muda mrefu, na mtu mvumilivu.

Mambo yakikwama

*Nina watoto 120, nitawezaje?* Pita kwa awamu mbili. Ya kwanza ni herufi za dakika moja na kuondoa silabi tano tu, dakika tatu kwa mtoto. Watoto wanane kwa siku, siku 15 za shule umemaliza. Ya pili ni hatua zote, kwa wale wa chini peke yao.

*Mtoto ananyamaza kabisa au analia.* Acha. Mwambie aje na rafiki yake, mcheze kinyume wote watatu. Mpime siku nyingine. Usiandike sifuri kwa mtoto aliyekuogopa.

*Anasoma ukurasa wote lakini nahisi anakariri.* Gusa neno moja moja kwa kijiti, ukianzia mwisho wa mstari kuja mwanzo. Aliyekariri atapotea papo hapo.

*Anapatia kila neno ila polepole mno, na wenzangu wananiambia niache, anajua.* Usiache. Huyo ndiye niliyemwelezea mwanzoni. Weka sekunde zake karibu na za wenzake watano wa katikati, uwaonyeshe.

*Kahamia mwaka huu kutoka mkoani, Kiswahili chake hafifu.* Fanya Hatua ya 4 kwa lugha ya nyumbani kama kuna anayeijua. Hatua ya 5 na 6 zisubiri. Mpe miezi sita ya kuzungumza na wenzake.

*Shule yangu inafundisha kwa Kiingereza.* Mpime sauti na picha kwa Kiswahili, lugha anayoiota. Anayefanya vizuri kwa Kiswahili na vibaya kwa Kiingereza anahitaji Kiingereza zaidi. Anayekwama kwa zote mbili ndiye wa kuingia kundi la msaada.

*Mzazi anakataa, anasema mwanawe si mgonjwa.* Mkubalie, maana ni kweli si mgonjwa. Usilitaje neno disleksia. Mwambie unataka kumpa mtoto dakika ishirini za ziada kila siku, bure, na umwombe aje baada ya wiki nane muone sekunde pamoja.

*Matokeo ya leo na ya jana hayafanani.* Angalia saa uliyopima, kelele, na kama alikula. Pima mara ya tatu asubuhi, uchukue ya katikati.

*Mwezi wa Novemba umefika na nilikuwa sijaanza.* Fanya Hatua ya 1 na ya 3 wiki hii, andika majina ya wenye shida, na umkabidhi mwalimu atakayewapokea Januari. Mkabidhi mkononi, mkae dakika kumi, umweleze mtoto mmoja mmoja.